Tokeni isiyotaka kutaja jina lake

Leo tuzame kidogo kwenye historia. Ukitunga lugha yako ndogo ya kompyuta, iwe hapa Embu au kule Meru, si lazima uandike kichanganuzi kwa mkono. Unaandika sarufi, kisha programu inakuzalishia kichanganuzi.

Programu maarufu ya kazi hiyo, Yacc, iliandikwa na Stephen Johnson huko Bell Labs, Marekani, miaka ya 1970. Ilikuwa hodari, lakini sarufi ikivunjwa ilisema maneno mawili tu: "syntax error". Kosa gani? Neno lipi? Utajua mwenyewe! Ukiwasha yydebug ulioneshwa hatua zote, ila kwa aina ya tokeni, si thamani yake. Uliambiwa NAMBA imefika. Kama ni 7 au 700, kimya.

Mwaka 1985 Robert Corbett akaandika Bison, na Richard Stallman akaifanya ipatane na Yacc. Humo tukapata YYPRINT, makro ya kuchapa thamani. Ilihudumia tokeni peke yake, tena kwenye vichanganuzi vya C tu. Mwaka 2002 toleo la 1.50 likaleta %printer: unaeleza mara moja jinsi ya kuchapa kila aina ya thamani, hata ile iliyojengwa kwa tokeni nyingi.

Huo ulikuwa msaada kwa mwandishi wa programu. Mtumiaji je? Kiembu na Kimeru zina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu. Ukiipa tokeni jina lenye ĩ, ule ujumbe mrefu wa zamani wa Bison uliweza kuitoa kama \304\251. Toleo la 3.6, mwaka 2020, likaleta njia mbili: "detailed", inayochapa herufi zilivyo, na "custom", inayokuachia utunge ujumbe mwenyewe kwa lugha yoyote.

Kwangu hili si pambo. Karani wa majani chai akiona \304\251 ataacha kazi amtafute fundi. Akisoma "mstari wa 12: nilitarajia kilo, nimekuta jina", atasahihisha mwenyewe, na mkulima atalipwa kilo zake sawasawa. Ndiyo maana mimi huandika %printer na ujumbe wa makosa mapema, sarufi ikiwa bado changa.

Wewe je, programu yako inamwambia nini mtu anapokosea?