Tour du Rwanda na Barabara ya Rusizi: Historia Fupi

Tour du Rwanda, mbio za baiskeli za kuzunguka nchi, zilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1988 chini ya FERWACY, chama cha mchezo huo nchini Rwanda. Mshindi alikuwa Mnyarwanda, Célestin Ndengeyingoma. Yalikuwa mashindano ya nyumbani, yasiyo na nafasi katika kalenda ya dunia. Miaka 37 baadaye, Septemba 2025, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya mbio za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Safari kati ya miaka hiyo miwili haikuwa fupi wala nyoofu, na haikupita Kigali peke yake. Ilipita pia katika miji ya pembezoni, na Rusizi ni mmojawapo.

Mbio hazikudumu muda mrefu kabla ya kukatika. Vita vilianza Oktoba 1990, na mwaka 1994 yakafuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nchi iliyokuwa ikizika watu wake haikuwa na nafasi ya kuhesabu nani kafika wa kwanza. Mbio zilirejea mwaka 2001, zikiwa bado ndogo, na katika miaka hiyo likasikika jina la Abraham Ruhumuriza. Huyu alitoka miongoni mwa abanyonzi, vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli, akashinda mara tano. Hakuna aliyemfikia hadi leo.

Mwaka 2006 Tom Ritchey, Mmarekani mtengenezaji wa baiskeli, aliandaa mashindano ya baiskeli za mbao kusini mwa Rwanda, akamleta rafiki yake Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kukimbia Tour de France, mwaka 1981. Boyer alirudi mwaka uliofuata kufundisha, na hapo ikazaliwa Team Rwanda. Miongoni mwa vijana wa mwanzo alikuwa Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake wengi mwaka 1994. Mwaka 2012 ndiye aliyebeba bendera ya Rwanda kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London, kisha akashindana katika mbio za baiskeli za milimani.

Mwaka 2009 ndipo mbio zilipovaa sura ya kulipwa. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, UCI, liliziingiza katika kalenda yake kwa daraja la 2.2. Tarakimu ya kwanza inaonyesha kuwa ni mbio za siku kadhaa, ya pili ndiyo ngazi yake. Kwa kipimo cha Ulaya hayo ni mashindano ya chini kabisa ya kulipwa, ambayo timu kubwa haziruhusiwi kuingia. Kwa Rwanda lilikuwa lango la dunia, na wageni walipita bila kubisha hodi: Mmoroko Adil Jelloul alishinda mwaka huo wa 2009, Mweritrea Daniel Teklehaimanot 2010, Mmarekani Kiel Reijnen 2011, kisha Waafrika Kusini wawili, Darren Lill 2012 na Dylan Girdlestone 2013.

Novemba 2014 zamu ikageuka. Valens Ndayisenga, kijana wa miaka 20, alishinda na kuwa Mnyarwanda wa kwanza kufanya hivyo tangu mbio ziingie UCI. Mwaka 2015 akafuata Jean Bosco Nsengimana, 2016 Ndayisenga tena, 2017 Joseph Areruya, 2018 Samuel Mugisha. Miaka mitano mfululizo jezi ya njano ya mshindi ilibaki nyumbani. Haikuwa bahati. Nyuma ya ushindi huo kulikuwa na kituo cha mazoezi Musanze, kocha wa kudumu, baiskeli za kisasa na vijana waliolelewa pamoja kwa miaka kadhaa.

Rusizi, ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu, iko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, mahali mto Rusizi unapotoka ziwani kuelekea Tanganyika. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, nchini Kongo. Kwa waendesha baiskeli, mji huu ni mwisho wa kazi nzito. Kutoka Huye ni kilomita kama 140, na sehemu kubwa inakata msitu wa Nyungwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023. Barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Humo hakuna nyumba wala mashabiki: kuna ukungu, mvua ya ghafla na nyani kando ya lami. Ukitoka msituni unakuta mashamba ya chai ya Gisakura, na kuanzia hapo watu wamejipanga pande zote mbili hadi Kamembe, mjini Rusizi. Aliyechoka juu hupata nafasi ya kufuta pengo kwenye mteremko, na anayeshuka bila tahadhari hulipa kwa ngozi yake.

Njia ya pili ya kufika ni ile ya kando ya ziwa, kupitia Nyamasheke na Karongi. Ilipokuwa ya udongo, isingefaa kwa mbio za kulipwa. Lami ndiyo iliyofungua ukurasa huo. Mwaka 2016 msafara ulitoka Karongi hadi Rusizi, na kesho yake ukaelekea Huye. Mwaka 2020 Mkolombia Jhonatan Restrepo alishinda hatua, yaani mbio za siku moja, iliyoishia Rusizi, moja ya hatua nne alizotwaa mwaka huo. Siku iliyofuata walitoka Rusizi hadi Rubavu, zaidi ya kilomita 200 za kupanda na kushuka, na Mweritrea Natnael Tesfatsion akashinda. Ndiye aliyeibuka bingwa wa mwaka huo, na akarudia 2022. Mwaka 2023 njia ya Rusizi hadi Rubavu ilirudiwa, na Callum Ormiston wa Afrika Kusini akafika wa kwanza.

Kufikia hapo mbio zilikuwa zimepanda ngazi. Mwaka 2019 UCI ilizipa daraja la 2.1, linaloruhusu timu kubwa za dunia. Mwaka huo huo timu ya Astana ilikuja na Mweritrea Merhawi Kudus, akaondoka na jezi ya njano. Kijana mwenzake wa Eritrea, Biniam Girmay, akiwa na miaka 18, alishinda hatua moja. Mwaka 2024 Girmay huyo alishinda hatua tatu za Tour de France. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi na bingwa mara nne wa Tour de France, alikuja Rwanda mwaka 2023. Mwaka 2024 jezi ilichukuliwa na Mwingereza Joseph Blackmore.

Toleo la 2025 lilikuwa na mtihani wa aina nyingine. Goma, mashariki mwa Kongo, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari, siku chache kabla ya mbio kuanza. Timu ya vijana ya Soudal Quick-Step ilijitoa. Mbio ziliendelea hata hivyo, na hatua ya tano ilianzia Rusizi kuelekea Huye, ng'ambo tu ya Bukavu iliyokuwa imetekwa. Mfaransa Fabien Doubey ndiye aliyeshinda toleo hilo.

Hesabu iliyobaki ni ya wenyeji. Kuanzia 2019 hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeshinda mbio hizi. Hatua moja tu ndiyo iliyokuja kama faraja: mwaka 2022 Moise Mugisha alishinda hatua ya mwisho mjini Kigali, wa kwanza miongoni mwa wenyeji kufanya hivyo tangu mbio zipande daraja. Wapo wanaosema ingekuwa heri kubaki daraja la chini na kushinda. Hawana hoja. Ushindi wa 2014 hadi 2018 ulipatikana kwa kuandaa vijana, si kwa kuwafungia wageni mlango. Kilichokosekana baadaye ni kuandaa kizazi kilichofuata kwa kasi ile ile ambayo mbio zenyewe zilikua.

Mwaka 2028 Tour du Rwanda itatimiza miaka 40. Fedha za kupokea timu za Ulaya zinapatikana. Zipatikane pia za kumpa baiskeli ya mbio, kocha na mashindano ya mwaka mzima kijana wa Rusizi, awe wa Kamembe au Bugarama, anayebeba mizigo kwa baiskeli kila siku kwenye miteremko hii. Kwa mapafu na miguu, amekwisha kuanza mazoezi. Kazi iliyobaki ni ya FERWACY, wilaya na wafadhili, na muda wa kuianza ni sasa.