Azimio: la Arusha na la darasani

Ukimwuliza mkazi wa Arusha iliko Makumbusho ya Azimio la Arusha, atakuelekeza Kaloleni, jirani na Mnara wa Mwenge. Neno azimio lilivuma mwaka 1967. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilikutana mjini humo tarehe 26 hadi 29 Januari, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa, likiwa na siasa yake ya Ujamaa na Kujitegemea. Siku iliyofuata, benki binafsi zikataifishwa.

Asili ya neno azimio ni kitenzi azimu, au azimia, chenye mzizi wa Kiarabu: kukata shauri, kunuia. Kisichanganywe na azima. Mtu huazima jembe kwa jirani, akalirudisha jioni. Na azima nyingine ni hirizi ya mganga.

Baada ya Arusha, neno lilishika kasi. Mwaka 1991 chama tawala cha CCM kilipolegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha katika kikao cha Visiwani, uamuzi huo uliitwa Azimio la Zanzibar. Kenya nayo, katika uchaguzi wa 2022, ilikuwa na muungano wa Azimio la Umoja, uliomsimamisha Raila Odinga.

Kwa walimu neno hili halina siasa hata kidogo. Azimio la kazi ni jedwali la muhula: mwezi, wiki, mada, mada ndogo, idadi ya vipindi, zana, rejea, na pembeni kabisa safu ya maoni. Mthibiti ubora akifika shuleni, huliulizia pamoja na andalio la somo.