Mhudumu wa afya ya akili hufundishwa nini kuhusu kupona?

Ndugu yako amerudi nyumbani kutoka hospitali. Anameza dawa na hasikii tena sauti. Lakini hana kazi, hatembelewi, na hakuna anayemuuliza anataka nini. Je, amepona?

Swali hili limo katika mafunzo ya mpango wa QualityRights wa Shirika la Afya Duniani, WHO, yaliyotolewa mwaka 2019. Kenya iliyaanzisha kwa njia ya mtandao mwaka 2021, bila malipo.

Katika mafunzo hayo, kupona si lazima dalili zote ziishe. Ni mtu kurudishiwa matumaini na kuamua mambo yake: kulima, kusoma, kuwa na familia, kukaa na wenzake, hata kama dalili nyingine bado zipo.

Mhudumu mpya hufundishwa nini?

Kwanza, kusikiliza. Haishii kuuliza "unaumwa nini?" Anauliza pia "umepitia nini, na unataka maisha yako yaweje?"

Pili, kuomba ridhaa. Anaeleza faida na madhara ya dawa, kisha anaheshimu jibu.

Tatu, kumsaidia mtu kuandika mpango wake wa kupona. Una sehemu 5: malengo yake, mambo yanayomweka vizuri, siku ngumu, wakati wa hatari, na baada ya hatari kupita.

Tuchukue mfano wa mama anayejua kwamba akikosa usingizi siku 3, hali inarudi. Akiwa mzima anaandika nani apigiwe simu, dawa gani ilimdhuru, na watoto wabaki na nani. Siku akishindwa kusema, neno lake lipo.

Nne, kujifunza kwa waliougua. Aliyewahi kulazwa anaweza kuwa mwalimu darasani.

Na mtu akichafukwa je? Mhudumu hufundishwa kutuliza: sauti ya chini, nafasi ya kutosha, watu wachache. Kamba, minyororo na kufungiwa chumbani haviponyi. Huongeza hofu na majeraha.

Tunajua wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu. Hata hivyo, mkifika kliniki, ombeni mambo mawili: mgonjwa aulizwe mwenyewe kabla ya ndugu zake, na mpango wake uandikwe. Nyumbani nako, anzeni kwa kumuuliza: "Leo ungependa kufanya nini?"