Mita ya Umeme na Hesabu ya Dakika

Ukisafiri kutoka Mombasa kwenda Malindi, ukiisha kuvuka daraja la Mtwapa, hukawii kufika Kikambala. Ingia katika nyumba yo yote ya hapo yenye umeme wa kulipiwa kabla ya kutumiwa, nawe utaona kisanduku kidogo chenye vitufe. Mwenye nyumba hununua umeme kwa simu, akaletewa tokeni ya tarakimu 20, akazibonyeza moja moja, taa zikawaka. Wengi hudhani ya kuwa kisanduku hicho huuliza ofisi ya umeme kwa siri kama tokeni ni ya kweli. Sivyo. Kisanduku hukata shauri chenyewe, kwa kuwa ndani ya mita mna kompyuta ndogo. Yafaa uzijue habari zake, maana katika mwaka wa 2024 hesabu iliyomo ndani yake ilikaribia kuwatia gizani watu wa nchi nyingi.

Kompyuta ya namna hii huitwa maikrokontrola. Ni kipande kimoja cha silikoni chenye ubongo wa kukokotoa, kumbukumbu, na milango ya kupokea na kutoa habari. Umri wake si mkubwa. Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti iliyoitwa Uhuru iliporushwa kutoka pwani ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kitu kama hicho kilikuwa hakijauzwa madukani. Katika Novemba 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilianza kuuza ubongo wa kompyuta katika kipande kimoja, na katika mwaka wa 1974 kampuni ya Texas Instruments ikauza kipande kilichokusanya ubongo na kumbukumbu pamoja. Mwaka wa 1980 Intel ikatoa maikrokontrola yake mashuhuri, 8051, ambayo kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa baiti 128 tu, yaani nafasi ya herufi 128, wala sentensi hii unayoisoma isingeenea humo.

Fundi anayetaka kuunda mita huchaguaje kati ya vipande vya namna nyingi? Mwanafunzi atajibu upesi: achague chenye mbio kuliko vyote. Lakini wazee wa pwani walijua zaidi. Mtu aliyetaka chombo cha safari ya mbali hakutazama tanga peke yake. Aliuliza pia kama yuko fundi wa kukitia kalafati katika bandari aendako. Mita hukaa ukutani miaka mingi, na kiwanda kilichouza kipande chake chaweza kuacha kukitengeneza. Intel yenyewe iliacha kutengeneza jamii ya 8051 mwaka wa 2007. Waliokuwa wamekichagua kipande hicho hawakupata hasara kubwa, kwa sababu viwanda vingine vilikuwa vikitengeneza vya namna ile ile, na mafundi waliokijua walikuwa tele ulimwenguni.

Sasa turudi kwenye tarakimu 20. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya umeme ya Afrika Kusini, Eskom, ilitaka kupeleka umeme katika nyumba nyingi zisizokuwa nao. Iliona hatari ya kufungwa na kiwanda kimoja, kila kiwanda kikiwa na tokeni zake. Basi ukawekwa utaratibu mmoja, uitwao STS kwa kifupi, ili mita ya kiwanda hiki na ya kiwanda kile zifahamu tokeni za namna moja. Utaratibu huo ulienea hata ukafika Kenya na Tanzania.

Ndani ya tokeni mna biti 16 za kutaja kiasi cha umeme, biti 16 za kukagua makosa, na biti 24 za kutaja dakika ambayo tokeni ilitolewa. Kwa dakika hiyo mita huitambua tokeni iliyokwisha tumika, nayo huikataa. Dakika zilihesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Chukua kalamu, msomaji, uhesabu: biti 24 hutosha dakika 16,777,216, ambazo ni pungufu kidogo ya miaka 32. Kikomo chake kilikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo hesabu ingeanza tena sifuri, na mita ingeidhania tokeni mpya kuwa ya zamani na kuikataa.

Waliouweka utaratibu huo hawakuwa wajinga. Kila biti iliyoongezwa ingerefusha tarakimu za kubonyezwa, na miaka 32 ilionekana mbali. Tena waliacha mlango wa kutengenezea: mita yaweza kupewa ufunguo mpya kwa tarakimu zile zile za kubonyeza, bila kufunguliwa. Kwa hiyo katika mwaka wa 2024 kampuni ya Kenya Power iliwapelekea wateja tarakimu 20 mara tatu: mafungu mawili ya kwanza kuibadili mita, na la tatu kutia umeme. Jirani alimsaidia jirani, na kijana akambonyezea bibi yake. Fikiri ingekuwaje kama kila kiwanda kingalikuwa na lugha yake, na vingine vimekwisha fungwa! Ingalilazimu kung'oa mita ukutani, nyumba kwa nyumba.

Lakini kazi haikwisha. Mwanzo mpya wa hesabu uliowekwa ni mwaka wa 2014, na mwingine uliowekwa ni wa 2035. Mita inayohesabu kuanzia 2014 itafikia kikomo chake katika Novemba 2045. Piga hesabu ya umri utakaokuwa nao wakati huo. Huenda wewe ndiwe utakayekuwa fundi, au mnunuzi wa mita za wilaya nzima. Wauzaji watakapokuja kwako na vifaa vyenye mbio na vya bei rahisi, uwaulize swali la mtu wa chombo: kikiharibika baada ya miaka 20, ni nani atakayenisaidia?