Figa la Tatu: Nani Alilipia Jiko la Nyumbani Kwenu?

Juma lililopita nilikuwa nikifundisha methali darasani, tukafika kwenye ile isemayo, "Figa moja haliinjiki chungu." Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, taa za barabarani hapa Arua zilinunuliwa kwa fedha za umma. Mbona jiko la mama halikununuliwa?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jibu langu kwake, na nimelitafuta katika historia.

Mwaka 1914, eneo la Nile Magharibi lilipohamishiwa Uganda kutoka utawala wa Sudan, Arua ilifanywa makao ya utawala. Kila mji mpya wa zama zile ulihitaji kuni: za kupikia, za kuchomea matofali na za kuwapashia maofisa maji ya kuoga. Idara ya Misitu ya kikoloni ilifahamu kwamba mji usiopanda miti utakula misitu ya jirani zake. Kwa hiyo mikaratusi ilipandwa karibu na miji mingi ya Uganda, ili ipatikane kuni na nguzo. Utawala ule haukuwa wetu wala haukutuuliza tulitaka nini. Hata hivyo, ulitambua jambo moja ambalo sisi tumelisahau: moto wa jikoni ni suala la umma, kwa kuwa kuni za nyumba moja hutoka katika msitu wa wote.

Baada ya uhuru, neno "nishati" lilianza kumaanisha umeme. Na umeme kwetu ulikuwa adimu. Vita vya mwaka 1979 na miaka iliyofuata viliwatawanya watu wetu hadi Kongo na Sudan, na waliporejea waliukuta mji ukitegemea jenereta ya dizeli iliyowaka saa chache tu usiku. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECO ilipewa mkataba wa miaka 20 wa kuzalisha na kusambaza umeme katika Nile Magharibi, ikaanza na mtambo wa mafuta mazito wa megawati 1.5. Mwaka 2012 bwawa la Nyagak karibu na Paidha, lenye uwezo wa megawati 3.5, likaanza kazi. Katika miaka ya karibuni, gridi ya taifa nayo imetufikia. Hizo ni hatua za kushukuriwa. Lakini tazama matumizi yake: umeme uliwasha balbu, ukachaji simu, ukasaga mahindi. Chungu cha maharagwe kilibaki juu ya mafiga matatu.

Barabara nazo zina historia yake. Kuanzia mwaka 2013, Arua ilikuwa miongoni mwa manispaa 14 zilizoingizwa katika mpango wa USMID, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Tukapata lami, mitaro na taa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 huitaja wazi kazi ya kuangaza mitaa na mahali pa umma miongoni mwa kazi za mabaraza ya miji. Hivyo fedha za umma zilipita mtaani zikifuata sheria, zikafika langoni kwa mama, zikasimama. Ndani ya lango mlibaki moshi.

Je, ni nani aliyevuka lango hilo? Mashirika yasiyo ya kibiashara. Historia ya jiko linalookoa kuni ni historia ya ujuzi unaosafiri. Jiko la udongo liitwalo Lorena lilibuniwa Guatemala baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976. Jirani zetu wa Kenya walianza kutengeneza jiko la bati lenye kikombe cha udongo mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakijifunza kutokana na jiko la Thailand. Hapa Uganda, shirika la Kijerumani la GTZ, ambalo tangu mwaka 2011 huitwa GIZ, lilishirikiana na Wizara ya Nishati kueneza jiko la Lorena lililoboreshwa, linalojengwa kwa udongo, mchanga na majani makavu. Mafiga matatu huingiza chunguni takribani asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni. Lililobaki hupotea hewani. Jiko lililofunikwa pande zote, lenye njia ya hewa chini na ya moshi juu, hupunguza sana hasara hiyo.

Haja hiyo ilizidi mwaka 2016, vita vya Sudan Kusini vilipowafukuza watu kwa malaki. Makazi ya Bidibidi yalifunguliwa Yumbe mwezi Agosti mwaka huo, na kabla mwaka haujamalizika yalikuwa na watu zaidi ya 250,000. Rhino Camp na Imvepi zilijaa. Lobule, wilayani Koboko, ilikuwa tayari inawahifadhi wakimbizi kutoka Kongo. Kila kaya ilihitaji kupika. Mashirika yalikuja na mafunzo ya majiko, miche na makaa ya mabaki ya mazao. Mwezi Mei 2023, Rais akatoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi. Amri huweza kulizuia lori barabarani. Haiwezi kuivisha maharagwe.

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wangu linapouma. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa iligharimiwa na wafadhili wa nje. Mfadhili ana tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Shangazi yangu alijifunza kujenga jiko la udongo katika kikundi cha wanawake kijijini kwetu. Alifurahi, kuni za siku mbili zikamtosha siku nne. Masika ya pili jiko lilipasuka mdomoni. Akamtafuta mwalimu wake, akaambiwa mradi umefungwa. Akaenda ofisi moja ya umma, akaambiwa, "Mama, mradi ule haukuwa wetu." Leo mafiga matatu yamerudi, na jiko lililopasuka kuku hutagia mayai ndani yake.

Sikiliza vizuri neno lile: haukuwa wetu. Asiyelipa hata shilingi moja hawezi kuulizwa, na asiyeweza kuulizwa hawajibiki. Hilo ndilo somo la uraia lililo ndani ya jiko. Baraza linapoweka fungu katika bajeti yake, hata liwe dogo, kwa ajili ya shirika linalowafundisha watu kupika kwa kuni chache, mama hupata mlango wa kubisha. Diwani wake hupitisha bajeti hiyo. Diwani wake ataijibia.

Wapo watakaosema baraza halina fedha. Wana hoja, na si vyema kuipuuza. Kodi ya kichwa ilifutwa katika mwaka wa fedha 2005/2006, na fedha nyingi zinazotoka serikali kuu ni ruzuku zenye masharti. Fedha ya barabara hujenga barabara, ya shule huenda shuleni. Baraza limebakiwa na mapato yake machache: leseni, ada za masoko, kodi ya majengo. Lakini mapato hayo machache ndiyo hasa fedha zetu, zisizo na sharti la mtu wa mbali. Tena sheria ile ile inayotaja taa huyapa mabaraza ya miji kazi ya kuisaidia serikali kulinda misitu. Kila kuni isiyochomwa bure ni mti uliolindwa. Basi mlango wa kisheria upo.

Wengine wataogopa kwamba fedha hizo zitaangukia shirika la shemeji wa mkubwa fulani. Hofu hiyo nayo ni ya haki. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016 hulitaka shirika liwe na hati ya makubaliano na serikali ya mtaa kabla ya kufanya kazi katika eneo lake. Hati hiyo isiwe karatasi ya kupigiwa muhuri tu. Iandikwe ndani yake ni kaya ngapi zitafikiwa, nani atakayekarabati jiko likipasuka, na ripoti itasomwa lini mbele ya wananchi. Mashirika yashindanishwe hadharani. Na wafinyanzi wetu, ambao waliujua udongo kabla ya mradi wowote kuja, wapewe kazi kwanza.

Koboko imekwisha kuonyesha kwamba baraza dogo linaweza kuaminiwa. Manispaa hiyo ilipewa ruzuku ya Umoja wa Ulaya mkononi mwake yenyewe, ikifanya kazi pamoja na shirika la Kiitaliano la ACAV, ili kuboresha huduma za mji unaopokea wakimbizi. Arua nayo ni jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, lenye divisheni zake mbili, Ayivu na Kati. Cheo kimepanda, majukumu nayo yapande.

Methali yetu husema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisemi tuwafukuze wafadhili. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili hayatoshi. Shirika ni figa moja, mwananchi mwenye udongo na mikono yake ni la pili. Figa la tatu, ambalo limekosekana kwa muda mrefu, ni baraza tunalolichagua wenyewe.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, jibu la swali lako ni hili: jiko la mama halikulipiwa kwa sababu hatukuliomba mahali panapostahili. Kila mwaka, kabla bajeti haijapitishwa, baraza huitisha kongamano la bajeti, nalo huwa wazi kwa raia. Nenda na mama yako. Ulizeni mambo matatu: Je, liko fungu la kuokoa nishati majumbani? Ni shirika gani lililopewa, na kwa makubaliano gani? Jiko likipasuka, tubishe mlango upi?

Kisha uje darasani utusimulie mlivyojibiwa.