Kukonda: jana msiba, leo biashara



Leo tuongelee kukonda. Sisi tuliokulia Kahama tunajua kwamba "umenenepa" ilikuwa pongezi, na "umekonda" ilikuwa karibu sawa na pole. Sababu ilikuwepo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, jirani kabisa na Geita. Mwaka 1985 jarida la Lancet likaandika habari za ugonjwa huo Uganda kwa jina walilouita wananchi wenyewe: "Slim". Nani enzi hizo angelipa hela yake ili akonde?

Wadogo zetu leo wanalipa. Wanauziwa chai za "kukata tumbo", na wengi wanaonunua wala si wanene. Mambo yalibadilika taratibu. Mwaka 1994 Miss Tanzania ilirudi baada ya kufungiwa tangu miaka ya 60, na mwaka huohuo televisheni zikaanza Bara. Halafu migodi mikubwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu 2001, ikaleta fedha, wageni na mitindo.

Hizo chai, nyingi ni sena, yaani dawa ya kuharisha. Chakula kinakuwa kimeshafyonzwa tayari. Kinachotoka ni maji na chumvi, pamoja na potasiamu ambayo moyo unaitegemea.

Na sisi wa machimboni, tunaoijua baruti, tusikie hii. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya silaha Ufaransa walikonda, wengine wakafa, kwa sababu ya kemikali iitwayo dinitrofenoli. Mwaka 1933 madaktari wa Stanford, Marekani, wakaanza kuitumia kama dawa ya kupunguza unene! Watu walipata mtoto wa jicho, wengine walikufa, na ilipofika 1938 ikaondolewa. Ikaja sibutramini mwaka 1997, nayo ikaondolewa 2010 kwa kudhuru moyo. Hadi leo hukutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa "za asili".

Jamani, binti anayejitapisha au kujiharisha kila wiki anaweza kuwa na mwili wa kawaida kabisa. Ukisubiri akonde ndipo ushtuke, umechelewa. Enzi za "Slim" tulinyamaza kwa aibu, tukazika wengi. Safari hii tuwaulize mapema, kwa upole, na tuwapeleke hospitali.