Upepo Nyuma ya Mlima

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini watu wenye vyombo na elimu hushtukizwa na moto wa msituni. Jibu moja nimelipata katika historia ya Australia, nalo ni upepo.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa misitu Alan McArthur alitengeneza kikokotoo cha duara cha kukadiria mwendo wa moto. Mtumiaji alihitaji kujua joto, unyevu wa hewa, ukame na kasi ya upepo wa mahali pa wazi. Kwa milima palikuwa na kanuni nyepesi: mteremko ukizidi ukali kwa nyuzi 10, moto unaoupanda huongeza kasi maradufu. Ulikuwa msaada mkubwa.

Lakini mlima hauupokei upepo kama uwanda. Mabaharia wetu hutofautisha goshini, upepo utokako, na demani, upepo uendako. Mlima nao una pande hizo mbili. Upepo mkali ukivuka kilele, upande wa demani huweza kuachana na ardhi, ukajiviringa na kurudi kuupanda mteremko. Moto uliopo hapo hukimbia ubavu, ukikingamana na upepo mkuu, huku makaa yakirushwa mbali mbele.

Tarehe 8 Januari 2003 radi ziliwasha moto katika milima iliyo magharibi ya Canberra. Tarehe 18 moto uliingia mjini. Watu 4 walikufa, na nyumba karibu 500 ziliteketea. Hata darubini za Mlima Stromlo hazikusalimika. Picha zilizopigwa kutoka angani siku ile zilichunguzwa baadaye na Rick McRae, Jason Sharples na wenzao. Zilionyesha moto ukienea ubavu katika miteremko ya demani, jambo ambalo kanuni ya zamani haikulitazamia.

Simlaumu McArthur, kwani kila hesabu huanza na kilichopimika. Ninachokihofia ni kuichukua namba ya uwandani na kuipandisha mlimani bila kuuliza. Wazimamoto huzoea kuona ubavu wa moto kuwa salama kuliko uso wake. Nyuma ya mlima, penye upepo mkali, mazoea hayo yaweza kuua. Kwa hiyo utabiri mwema hautoshi kusema moto utafika saa ngapi. Hauna budi kusema pia ni wapi upepo waweza kugeuka.